Bawaba za ndege za rimoti: kitambaa, nailoni bapa, kijiti au tepu?

Chukua kalipa, au hata rula, upime unene wa mti pale eleroni inapokutana na bawa. Kipimo hicho huamua mengi kabla hata hujauliza bawaba ipi ni imara kuliko nyingine. Mti wa mm 4 hauwezi kumeza kijiti cha mm 4.8, na povu halinywi supaglu namna balsa, mti mwepesi wa kujengea ndege, inavyoinywa. Ukishajua unene, ndipo uangalie uzito wa ndege, mwendo wake, na digrii ambazo kipande kinachosogea kinatakiwa kupinda.

Ili tusichanganyane, hapa tunaita vibao sehemu zote zinazosogea: eleroni (za nyuma ya bawa, za kuinamisha ndege upande), elevata (ya mkia, ya kupanda na kushuka), usukani wa mkia na flapu (za bawa, za kutua polepole). Pembe ni kile kipande chenye matundu kilichofungwa kwenye kibao ili kupokea waya unaotoka kwenye servo, mota ndogo inayokisogeza kibao.

Jambo jingine la kujua mapema: bawaba yenyewe hukatika mara chache. Mara nyingi kibao kikitoka angani, bawaba hukutwa nzima na safi, imechomoka kwenye mti bila hata unyuzi wa balsa kuning'inia. Maana yake gundi haikufika ndani. Ndiyo sababu katika ulinganisho huu gundi inachukua nafasi kubwa kama bawaba.

| Bawaba | Mti usipungue | Gundi | Inapofaa | Udhaifu |
|---|---|---|---|---|
| Kitambaa | mm 3 hivi | supaglu nyepesi | balsa ya umeme au injini ndogo, hadi kilo 3 hivi | huchoka kwenye mkunjo, haitengani bila kukatwa |
| Nailoni bapa | mm 6 | epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) ya dakika 30 | ndege za wastani, flapu, kibao cha kutoa na kurudisha | huchukua muda, pini zote sharti zinyooke |
| Kijiti | mm 6 kwa kijiti cha mm 3, mm 10 kwa cha mm 4.8 | epoksi ya dakika 30 au poliurethani | ndege kubwa, injini ya petroli, sarakasi | tundu likienda kombo, kazi imeharibika |
| Tepu | wowote | iliyo kwenye tepu | povu, gilaida (ndege isiyo na injini) | jua, joto, vumbi na mafuta |

Vipimo hivi ni vya kuanzia. Mti laini unahitaji unene zaidi, mti mgumu unasamehe.

Kazi ya awali, bawaba yoyote utakayochagua

Tafuta katikati ya ukingo kwanza. Kwa mkia bapa, laza kipande juu ya meza iliyo tambarare kabisa, weka kalamu juu ya kibanzi cha mti chenye kimo kinachokaribia nusu ya unene, kokota mstari kwa urefu wote. Geuza kipande juu chini, kokota tena. Mistari miwili ikiachana kidogo, katikati halisi ni baina yake. Ikilaliana, umeipata moja kwa moja. Bawa lenye tumbo halikai vizuri mezani, kwa hiyo pima unene kila baada ya sm 10 na uweke nukta ya nusu, kisha unganisha nukta.

Sogeza kibao mahali pake, kibane kwa tepu ya karatasi, uweke alama zinazovuka kiungo ili mpasuo wa kuingizia bawaba wa upande mmoja uangaliane na wa pili. Bawaba ya kwanza na ya mwisho zikae mm 20 hadi 30 kutoka kwenye ncha. Moja lazima iwe karibu na pembe, maana nguvu yote ya servo inaingilia hapo. Lakini isikae sawia na skrubu za pembe, la sivyo utatoboa bawaba unapofunga skrubu. Zilizobaki zigawe kila sm 8 hadi 12. Kibao kifupi cha sm 20 bado kinataka tatu. Sababu ya tatu si nguvu ya kila siku: ikichomoka moja, mbili zilizobaki zinakishikilia kibao hadi utue.

Kisha mkato wa mshazari. Bawaba ikikaa katikati ya unene, ukingo wa mbele wa kibao unachongwa umbo la V, ncha ya V ikiwa juu ya mstari wa katikati. Digrii 30 hadi 35 kila upande zinatosha ndege ya kawaida. Ndege ya sarakasi inayotaka kibao kipinde digrii 45 inahitaji mshazari wa digrii 45 au zaidi kidogo. Ukingo wa bawa wenyewe unaachwa mraba. Mshazari ukiwa mdogo kuliko mwendo wa servo, kibao hugonga bawa na kujaribu kung'oa bawaba kila unapovuta stiki hadi mwisho.

Funika mti kwa filamu (plastiki nyembamba ya kuvalisha ndege) kwanza, bawaba baadaye. Ila kila mahali pa bawaba, toa filamu kwa upana wa mpasuo na mm 1 au 2 zaidi. Filamu ikiachwa, supaglu inatambaa juu yake badala ya kuzama kwenye balsa, na kwa jicho utaona kama kila kitu kiko sawa.

Bawaba ya kitambaa

Hii ndiyo inayokuja na vifaa vingi vya ndege za balsa zilizokwisha jengwa nusu. Ni karatasi nyembamba ya plastiki ya poliesta iliyovikwa nyuzinyuzi pande zote, unene kama mm 0.5, na kipimo cha kawaida ni mm 19 kwa mm 25. Upande wa mm 25 unavuka kiungo, hivyo kila kipande kinapata kama mm 12. Nyuzinyuzi kazi yake ni moja: kunyonya supaglu na kuipeleka ndani kabla haijaganda. Ukielewa hilo, makosa yote ya bawaba hii yanajieleza yenyewe.

Kata mpasuo kwa kisu chenye wembe wa ncha kali, upana mm 20, kina mm 13 au 14. Usisukume kwa nguvu mara moja. Choma tundu dogo, kisha panua kwa kupeleka wembe kushoto na kulia, ukiangalia usawa wake kutoka ubavuni. Mpasuo ukienda juu au chini, kibao kitakaa ngazi moja juu ya bawa na hakuna trimu (marekebisho madogo ya kwenye rimoti) itakayokirudisha. Ukishakosea, jaza mpasuo kwa kibanzi cha balsa na supaglu, kata upya.

Hapo kuna hatua ambayo wengi huiruka. Toboa tundu la mm 2 hadi 2.5 katikati ya mpasuo, kwenye bawa na kwenye kibao pia, kina mm 12 hivi. Tundu hilo ni mfereji wa gundi: supaglu inateremka humo hadi mwisho wa bawaba na kusambaa kutoka ndani kuja nje. Bila tundu, matone ya kwanza huganda mdomoni mwa mpasuo na kuziba njia. Baada ya kutoboa, pitisha wembe tena kwenye mpasuo kuondoa vumbi na nyuzi zilizovimba.

Choma pini nyembamba katikati ya bawaba ili isizame yote upande mmoja. Ingiza kwenye kibao, kisha lete bawa. Kibane hadi kiungo kifunge, chomoa pini, halafu pinda kibao hadi mwisho wa mwendo wake, juu na chini. Kikirudi, kitakuwa kimejiachia nafasi kinayohitaji, kwa kawaida chini ya mm 0.5. Nafasi ikifika mm 1, bawaba haikunjiki tena pamoja na kiungo, inanesanesa, na huko ndiko kunakoanzia kuchoka.

Sasa gundi. Supaglu nyepesi, ile inayotiririka kama maji. Nzito au ya wastani haifai kabisa, hata kama ndiyo iliyo mezani. Weka kimirija chembamba kwenye mdomo wa chupa. Kibao kikiwa kimepindwa, dondoshea matone 5 hadi 6 juu ya kila bawaba, tone moja moja, ukisubiri kila tone linywewe kabla ya linalofuata. Geuza ndege, rudia matone mengine 5 hadi 6 upande wa pili. Usipulizie dawa ya kuharakisha ugandaji. Dawa hiyo huigandisha supaglu pale pale ilipodondokea, na kote ndani bawaba inabaki kavu.

Acha dakika 10 hadi 15 bila kukisogeza. Kisha shika kibao karibu na bawaba moja, vuta kwa nguvu ya mkono, hamia inayofuata. Isiyotetereka imepona. Inayosogea hata kidogo, ongeza gundi kama bado inaingia. Kama haiingii, weka bawaba nyingine kando yake.

Mwanzoni kibao kitakuwa kigumu kidogo. Kipinde mara 20 au 30 na kitalainika. Kikibaki kigumu sana, supaglu imejaa kwenye mstari wa bawaba na kugeuza kitambaa kuwa ubao. Bawaba hiyo itapasuka hapo hapo baada ya muda, afadhali uibadilishe mapema.

Fanya kazi hii penye hewa, na miwani machoni, kwa sababu mvuke wa supaglu nyepesi unachoma. Iliyomwagika usiifute kwa pamba: supaglu ikikutana na pamba hupata joto la kuunguza vidole.

Kwa ndege ya balsa ya hadi kilo 3 inayotumia umeme, hatuoni sababu ya kutafuta kitu kingine. Bawaba moja haifiki hata gramu moja, kazi ya ndege nzima inaisha ndani ya saa moja, na hakuna kiungo cha kuchezacheza. Kwa injini ya petroli yenye mtetemo mwingi tunasita, na kwa ndege ya kilo 5 tunakataa, hata kama boksi limekuja nazo.

Bawaba bapa ya nailoni

Hii ni bawaba ya mlango iliyopunguzwa: majani mawili ya nailoni yaliyounganishwa kwa pini ya chuma. Unene wa jani ni kama mm 1, na fundo la katikati ni nene zaidi. Nguvu yake ni kwamba mkunjo hauchoki, kwa sababu hakuna kinachokunjika, kinazunguka. Aina nyingine pini yake inachomoka, hivyo kibao kinatoka kwa kupakwa rangi au kubadilisha filamu bila kukata chochote. Kwa anayejenga ndege ya skeli, yaani mfano wa ndege halisi, hilo ni jambo kubwa.

Bei yake ni uvumilivu. Mpasuo unakatwa kama wa kitambaa ila mpana zaidi, na juu yake unachonga kijishimo cha fundo, nusu kwenye bawa na nusu kwenye kibao. Fundo likibaki nje, kiungo kitakuwa wazi mm 2 au 3 na hewa itapita. Likizama kupita kiasi, kibao hakipindi.

Gundi haishiki nailoni yenyewe. Inachofanya ni kupita kwenye matundu ya jani na kujifunga kama misumari. Kwa hiyo sugua majani kwa msasa namba 120 au 180, safisha kwa spiriti, na kama matundu ni machache, toboa mengine mawili. Paka vaselini kidogo kwenye fundo kwa kijiti cha meno ili epoksi isiingie. Kidogo tu, maana vaselini ikigusa jani, hapo epoksi haishiki.

Tumia epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika 5 huanza kuwa nzito ukiwa bado unanyoosha bawaba ya tatu, na ukilazimisha unavunja ushikaji wake. Isukume ndani ya mpasuo kwa kibanzi bapa, paka nyembamba kwenye jani, ingiza, futa iliyotoka kwa karatasi yenye spiriti. Gundisha upande wa kibao kwanza. Weka rula ya chuma juu ya mafundo yote na uhakikishe pini zimelala kwenye mstari mmoja. Ikiwa moja imeinama, kibao kitasogea kwa kusuasua, servo italia na kupata joto bila kufanya kazi yoyote. Ikishakauka, gundisha upande wa bawa.

Kama nyongeza, toboa tundu la mm 2 kutoka juu, mm 5 hadi 6 kutoka ukingoni, lipite kwenye mti na jani la nailoni. Ingiza kijiti cha meno kilichopakwa gundi, kata kilichozidi, piga msasa. Bawaba iliyofungwa kijiti hivyo haitoki bila kung'oka na mti wake. Fanya hivi kwenye flapu na elevata angalau.

Kagua kama pini za chuma zinaweza kutembea na kutoka. Kunja ncha yake kwa koleo, au weka tone dogo la gundi nje ya fundo.

Bawaba ya kijiti

Vijiti viwili vyenye meno ya kushikia gundi, vimeunganishwa katikati kwa kipini. Badala ya mpasuo, unatoboa tundu tu, na hilo linaufanya usakinishaji kuwa mwepesi kuliko wa nailoni bapa, mradi tundu liende sawa. Vipimo vinavyokutana na mtu mara nyingi ni kipenyo cha mm 3 hivi na mm 4.8. Kidogo kinafaa ndege ya kilo 2 hadi 5. Kikubwa ni cha ndege za petroli na sarakasi nzito, ambazo eleroni yake moja inaweza kuchukua vijiti 5 au 6.

Tundu lazima liwe katikati ya unene, na liwe digrii 90 na mstari wa bawaba. Mkono mtupu haufiki hapo. Tumia kiongozi cha drili kinachobana ukingo pande zote mbili. Huhitaji kununua, kibanzi cha mti mgumu chenye tundu lililotobolewa wima na mashavu mawili ya plaiwudi kinatosha. Anza na biti ya mm 1.5, ikaguliwe, ndipo upanue. Balsa huivuta biti kuelekea upande laini, na tundu dogo la kwanza ndilo linaloshikilia njia. Biti ya mwisho iwe saizi ya kijiti. Kijiti kiingie kwa kusukumwa na kidole bila kuchezacheza.

Kisha tanua mdomo wa tundu kwa biti kubwa au tupa ya mviringo ili kichwa cha kiungo kizame. Kipimo cha kuzama ni hiki: kitovu cha kipini kikae juu ya ncha ya V ya kibao. Wengi hukizamisha kwenye bawa pekee, halafu wanashangaa kibao kinaachana na bawa kikipinda juu na kukwama kikipinda chini. Kila kipini kikiwa nje ya mstari, hata kwa mm 1, vipini vinavutana badala ya kuzunguka pamoja.

Jaribu vyote vikiwa vikavu. Pinda kibao hadi mwisho pande zote mbili. Ikiwa kuna mahali panapokaza, toa vijiti, rekebisha tundu, jaribu tena. Usitegemee kwamba gundi itaficha kosa. Gundi italifunga kosa humo daima.

Paka vaselini kwenye kiungo. Kwa kutumia sirinji au kijiti, weka epoksi ya dakika 30 ndani ya tundu, si kwenye bawaba. Ukipaka kijiti badala ya tundu, ukingo wa tundu unaikwangua epoksi yote na kuisukuma mdomoni, karibu kabisa na kiungo usichotaka kikwame. Ingiza vijiti vyote kwenye bawa, lete kibao, sukuma hadi kiungo kifunge, kisha pinda kibao hadi mwisho mara mbili tatu epoksi ikiwa bado mbichi. Mwendo huo unavizungusha vipini vyenyewe hadi vielekee pamoja. Acha kikauke kikiwa katikati.

Gundi ya poliurethani inafaa pia, hasa kwenye bawa la povu lenye kibanzi cha mti ndani, kwa sababu huvimba na kujaza nafasi. Kuvimba huko ndiko kunakohitaji jicho: inarudi nje baada ya dakika 20 au 30 na kuingia kwenye kiungo. Lowesha tundu kidogo kwa maji, weka gundi robo ya tundu tu, na uwe hapo kuikata inapotoka.

Mwisho wa kazi, shikilia ndege ikiwa sawa kwa eleroni na elevata, kisha ilaze upande kwa usukani wa mkia, huku waya wa servo ukiwa haujafungwa. Kibao chenye vijiti vilivyonyooka kinaanguka kwa uzito wake. Kisichoanguka kina kosa, na servo ndiyo itakayolipa.

Kwenye povu tupu bila kibanzi cha mti, kijiti hakifai. Povu halina nguvu ya kubana, na kijiti kitachomoka na kipande cha povu lililokizunguka. Chimba mfuko, gundisha kipande cha balsa ngumu au plaiwudi chenye upana wa mm 15 hivi, ndipo utoboe.

Tepu

Kwa ndege za povu na gilaida nyepesi, tepu si njia ya mkato. Inafunga kiungo kwa urefu wote, haina nafasi ya hewa, na kibao chenye unene wa mm 2 hakina njia nyingine ya maana. Tepu nyembamba ya hospitali isiyo na rangi, au yenye nyuzi ndani kwa kibao kizito, ndizo zinazofaa. Tepu ya kufungia maboksi ni ngumu kwenye mkunjo na gundi yake hukauka.

Mkunjo unakaa juu. Chonga mshazari wa digrii 45 upande wa chini wa kibao, ukiacha ncha ya juu kali. Safisha kwa spiriti. Usitumie asetoni wala petroli, zinayeyusha polistairini. Povu la EPP (la polipropilini) tepu hailishiki vizuri, kwa hiyo lipulizie gundi nyepesi kwanza, isubiri ikauke hadi inate kidoleni bila kuchafua.

Leta ncha mbili za juu zigusane, weka tepu yenye upana wa mm 20 hadi 25 juu ya kiungo kwa urefu wote, isugue kwa ukucha. Kisha kunja kibao hadi kilale juu ya bawa, kiungo kionekane kutoka chini, na uweke tepu ya pili ndani ya V hiyo. Pale kwenye mwanya tepu mbili zinagusana gundi kwa gundi. Hiyo tepu ya pili ndiyo inayozuia kubanduka: ya juu peke yake huvutwa kutoka ukingoni kidogo kidogo.

Udhaifu ni mazingira. Ndege iliyoachwa ndani ya gari juani, gundi ya tepu huteleza na kibao husogea mm 1 kutoka mahali pake. Mafuta ya injini huimaliza kabisa. Ikibadilika rangi au kingo zikiinuka, iondoe taratibu kwa pembe ndogo na uweke mpya.

Povu lenyewe kama bawaba

Ndege nyingi za EPO, aina ya povu la kiwandani, zinatoka kiwandani na kibao kilichokandamizwa kwenye povu hilo hilo. Inatosha kwa ndege nyepesi. Ipinde mara 20 au 30 kabla ya kufunga servo, kwa sababu mpya ni ngumu na hurudisha kibao nje ya katikati. Angalia ncha mbili za mkunjo: ufa huanzia hapo. Ukiuona, weka tepu juu na chini, usimimine supaglu kwenye mkunjo, itaugeuza kuwa mgumu na ufa utahamia pembeni. Ikiwa ndege inakimbia kwelikweli, kata kabisa uweke tepu.

Gilaida za mchanganyiko wa nyuzi za kioo hutumia silikoni au ngozi ya nyuzi kwenye mkunjo. Hizo hufanywa bawa likiwa kwenye kalibu, na hazina maana kwa anayechagua bawaba ya ndege ya balsa.

Nafasi ya hewa na mpapatiko

Bawaba yoyote uliyochagua, mwanya kati ya bawa na kibao hupitisha hewa kutoka upande wa shinikizo kubwa kwenda upande wa shinikizo dogo. Kibao kinapoteza nguvu, na kwa mwendo mkali kinaweza kuanza kupapatika. Mpapatiko huo unasikika kama mngurumo wa ghafla, na sekunde chache zinatosha kuchomoa bawaba au kuvunja meno ya servo. Ukiusikia, punguza gesi mara moja, inua pua polepole, tua, kagua. Mara nyingi utakuta pembe inacheza au waya unanesa, bawaba ikiwa salama. Lakini mwanya mpana ndio unaoupa mpapatiko nafasi ya kuanza.

Ziba mwanya kwa ukanda wa filamu isiyo na rangi au tepu nyembamba upande wa chini. Ubandike kibao kikiwa kimepindwa juu hadi mwisho, ukiusukuma ndani ya V kwa ukingo wa rula, ili usikizuie kibao kurudi. Kwa elevata na eleroni za sarakasi tofauti inahisiwa mkononi. Kwa ndege ya mazoezi inayoruka polepole, kazi hiyo unaweza kuiacha.

Ikibidi kubadilisha

Kabla ya kila siku ya kuruka, vuta kila kibao kwenye kila bawaba. Kwa kitambaa, pinda kibao hadi mwisho na uangalie mkunjo: weupe au nyuzi zilizosimama zinamaanisha kinakaribia kukatika. Usikivute kutoka. Kata bawaba zote kwa wembe mrefu au msumeno mwembamba unaopita kwenye mwanya, acha vipande vya zamani ndani ya mti, na ukate mipasuo mipya mm 25 kando yake. Mti uliolowa mafuta ya injini haushiki gundi hata uchongwe vipi. Upakae unga wa mahindi au talki, uache usiku kucha, upige brashi, urudie hadi unga ubaki mkavu, ndipo usafishe kwa spiriti. Kijiti kilichochakaa kinasumbua zaidi. Kikate katikati kwenye kipini, kisha toboa mabaki kwa biti ndogo, panua hatua kwa hatua, na tundu likitanuka kuliko kijiti kipya, ingiza fimbo ya balsa ngumu yenye gundi na utoboe upya. Nailoni bapa yenye pini inayochomoka ndiyo pekee ambayo unavuta pini, unabeba kibao mkononi, na kukirudisha kesho yake bila gundi yoyote.